Baba Mkwe na Chanjo ya Ndui

Mume wangu alikuwa karani wa boma pale Mbeya, na kama hukuwahi kuishi na karani wa boma miaka ile ya hamsini, hujui mtu kujiona ni nini. Kalamu ilikaa mfukoni mwa shati hata Jumapili kanisani. Suruali zake za kaki alizipiga pasi mwenyewe, kwa kuwa hakuniamini na mikunjo. Akirudi jioni alikaa kibarazani na makarani wenzake, wakanywa chai niliyoipika mimi na kutengeneza dunia kwa midomo. Waliongea habari za maendeleo, za elimu, za ujinga wa watu wa vijijini. Kijiji nilichotoka mimi kilitajwa mara nyingi.

Mama mkwe alipofariki kule milimani Rungwe, baba mkwe akaletwa kuishi nasi. Alipewa chumba cha uani, kile tulichokuwa tunawekea kuni. Mume wangu aliwaambia rafiki zake kwamba amemleta mzee mjini ili amtunze. Kumtunza maana yake ilikuwa mimi nipike zaidi.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hatanielewa. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake naingia ndani. Nikikutana naye njiani nashuka barabarani, nageuka, najifunika kanga kichwani mpaka apite. Simwangalii usoni, simsemeshi, na jina lake silitaji, hata maneno yanayofanana na jina lake nayakwepa. Wakristo wengine walikwisha anza kulegeza siku zile, lakini mzee yule alikuwa wa zamani, na mimi mama yangu alinilea kwa fimbo. Sasa jaribu kuishi hivyo katika nyumba ya mjini yenye ua mmoja, choo kimoja na bomba la jirani. Kutwa nilikuwa naingia na kutoka kama panya.

Kilichotuokoa ni binti yangu, ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Mzee akitaka kitu alikaa mlangoni kwake, akatazama ukuta, akasema kwa sauti: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako maji ya kuoga yamekwisha." Nami jikoni namjibu mtoto: "Mwanangu, mwambie babu yako yanachemka." Mtoto mwenyewe hajui hata kusema mama. Ndivyo tulivyoongea kwa miaka yote, na ninathubutu kusema tulielewana kuliko mimi na mume wangu tuliokuwa tunatazamana usoni.

Mzee huyu alikuwa na jambo lake moja. Alitaka kutibiwa kabla hajaumwa. Alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, na aliporudi alikuta ndui imepita kwao: mke wake wa kwanza, watoto wake na kaka yake walikuwa wamezikwa. Yeye hakuguswa kwa sababu huko vitani alichanjwa. Basi akatoka hapo na imani isiyoyumba. Popote aliposikia kuna mtu wa afya anapima au kuchanja, alitaka kuwapo. Huko kijijini alichimba choo kirefu kabla Bwana Afya hajapita kuwatisha watu na faini, na maji ya kunywa alitaka yachemshwe mpaka yatoe povu.

Siku moja mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba hospitali wanachanja ndui, na atakayefika atapimwa pia macho na kifua. Tetesi zilikuwa zimetoka Chunya, kwa wachimba dhahabu, kwamba kuna watu wameota vipele. Jioni ile mzee akaja mpaka karibu na kibaraza, akakohoa nikaingia ndani, akamwambia mwanawe:

"Kesho unipeleke hospitali."

"Unaumwa nini, tata?"

"Siumwi. Nataka nichanjwe."

Makarani wakacheka. Mmoja akauliza kama mzee anatafuta mke mwingine. Mume wangu akasema, "Nitakupeleka, tata. Wiki hii kazi zimenibana, lakini nitakupeleka." Mzee alipoondoka akawageukia wenzake: "Mnaona? Mtu amekwisha kula chumvi yake yote, bado anataka kuishi milele. Bwana Chanjo!"

Jina likamkaa. Hata shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyekuwa mwalimu Iringa, alipokuja likizo alimwamkia baba yake na baada ya kugeuka akauliza, "Bwana Chanjo hajambo?" Huyu shemeji alikuwa amesoma kuliko kaka yake, kwa hiyo alijiona kuliko kaka yake. Wote wawili hawakuchanjwa. Mume wangu alisema mkono ukivimba hataweza kuandika. Shemeji alisema chanjo ni kwa ajili ya watu wasiojua usafi. Alitamka hivyo huku anachokonoa meno kwa kijiti alichookota chini.

Wiki ikapita, ikaja nyingine. Asubuhi moja nikasikia uani: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako mimi nakwenda hospitali peke yangu. Nikipotea, huo ndio mji wao, wanitafute."

Nikamjibu mtoto: "Mwanangu, mwambie babu atangulie polepole. Sisi tutafuata nyuma."

Tukaenda hivyo. Mzee mbele na fimbo yake na koti zito la jeshi, mimi nyuma kwa mbali, kanga kichwani, mtoto mgongoni. Penye njia panda alisimama, akauliza hewa, "Kulia au kushoto?" nami nikamwambia mtoto, "Kushoto, mwanangu." Watu wa Mbeya wa makabila mengine walikuwa wanatutazama kama wendawazimu. Wafanyabiashara waliotoka pwani, waliokaa mbele ya maduka yao na vikombe vya kahawa, walikuwa na maneno. "Hao washamba wamegombana tangu nyumbani," mmoja akasema. Waliamini kwamba mtu asiyezaliwa karibu na bahari hana adabu. Sisi tulikuwa tunapita na adabu iliyotujaa mpaka hatuwezi kutazamana, wao wakaona ugomvi.

Hospitali palikuwa na dresa, msaidizi wa daktari, aliyekaa dirishani. Kijana wa mjini, nywele amezipaka mafuta zikang'aa, miwani ya jua ndani ya nyumba. Watu walipanga foleni wamebeba watoto, yeye anakata kucha. Zamu yetu ilipofika mzee alijisogeza pembeni akageukia ukuta, ili mimi nisogee dirishani.

"Jina la mtoto?" Nikamtajia. "Jina lako?" Nikamtajia. "Na huyo mzee?"

Nikavuta kanga usoni.

"Wewe! Huyo mzee anaitwa nani?"

"Siwezi kulitaja."

"Kwani ni tusi?"

Benchi zima likacheka. Nilihisi masikio yanawaka. Nikasema, "Ni baba mkwe wangu." Kwa mtu wa kwetu hilo lingetosha. Dresa akavua miwani ili anione vizuri.

"Kwa hiyo mkwe wako hana jina? Alizaliwa porini?"

Kutoka ukutani, bila kugeuka, mzee akataja jina lake kwa sauti ya mtu anayejibu mbele ya askari. Mimi nikaziba masikio kwa kanga. Watu wakacheka tena, lakini mzee hakuwa mtu wa kucheka nao.

"Miaka yako mingapi?" dresa akauliza.

"Vita vya Mjerumani nilikuwa na mke na watoto."

"Basi nenda nyumbani, babu. Chanjo ni ya watoto na watu wanaofanya kazi. Ndui itakutaka wewe kwa lipi? Huna hata nyama."

"Walitangaza watu waje."

"Walitangaza watu, ndiyo. Wazee hatuna agizo lao."

Nimekutana na watu wa namna ile maisha yangu yote. Amepewa dirisha, basi anadhani dawa iliyo nyuma yake inatoka mwilini mwake. Mzee hakubishana. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha kuchanjia, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu yake ikaziba njia, akaweka fimbo juu ya mapaja.

Hakuna mtu wa bara anayeruka miguu ya mzee. Mama wa kwanza aliyeitwa alifika pale na mtoto wake akasimama. Wa pili akasimama nyuma yake. Msafwa mmoja mtu mzima akasema, "Siwezi kumvuka huyu, nitapata laana." Dresa akaja juu: "Babu, ondoka!" Mzee akamjibu taratibu, "Niruke tu, mwanangu. Wewe ni mtu wa mjini." Dresa akainua mguu. Akaushusha. Pamoja na mafuta yake na miwani yake, alikuwa na mama kijijini mahali fulani, na mama yule alikwisha kumfundisha kabla yeye hajajifunza kiburi.

Akamchanja. Alimkwaruza kwa hasira, kana kwamba anaparua samaki, lakini mzee alimtazama mpaka mwisho, akamwambia, "Ahsante. Na macho mnapimia wapi?"

Macho yalipimwa, kifua kikasikilizwa. Mimi na mtoto tukachanjwa pia. Njiani kurudi mzee alikuwa anaimba wimbo wa wapagazi, mimi nyuma mkono unaniwasha, na nikajikuta natembea kwa mdundo wake. Jioni mume wangu alipoona kitambaa mkononi mwangu akauliza nani aliniruhusu kuzurura. Nikaenda kumpikia chai. Tangu siku ile, kila mbiu ya afya ilipopigwa, sisi tulikwenda: mzee mbele, mimi nyuma. Dresa akituona anatoka mwenyewe kuja kufungua mlango, kwa kuogopa miguu ile.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, shemeji mwalimu akapata mchumba Iringa, binti wa Kihehe. Mume wangu alikuwa ndiye msemaji wa ukoo. Alijiandaa kwa ajili ya hotuba ya kuposa kama mtu anayekwenda kuhutubia bunge. Alishona suti. Usiku nilimsikia akijisemea kitandani, "Wakwe zetu waheshimiwa," anakohoa kidogo, anarudia. Mzee alitakiwa aje akae tu, avae vizuri, asiseme kitu. Mwanawe alimwambia hivyo waziwazi: "Tata, wewe utakaa. Mambo ya siku hizi yana utaratibu wake."

Tukapanda basi. Mzee alikaa mbele karibu na dereva, mimi na mtoto nyuma kabisa kati ya magunia ya mchele, mume wangu katikati na suti yake, amefunua gazeti asilolisoma kwa sababu barabara ilikuwa inaturusha mpaka kichwa kugonga dari. Tulipofika karibu na njia inayokata kwenda Rujewa, tukakuta mti umelazwa barabarani na askari wamesimama. Ndui ilikuwa imeingia uwanda wa Usangu. Bwana Afya akapanda ndani ya basi, mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka.

"Kila mtu afunue mkono. Ambaye hakuchanjwa karibuni anashuka."

Mzee alikuwa wa kwanza. Alikwisha kuvua koti kabla Bwana Afya hajamaliza kusema. Kovu lake lilikuwa linang'aa begani kama kifungo. "Vizuri sana, mzee," akaambiwa. Watu wakafunua mikono, wengine wanapita, wengine wanashushwa. Bwana Afya akafika kwa mume wangu.

"Mimi ni karani wa boma," mume wangu akasema.

"Mkono."

"Nasema ni mtumishi wa serikali. Nina shughuli rasmi ya ukoo Iringa."

"Ndugu yangu, ndui haijui boma. Mkono."

Suti ikavuliwa. Mkono ulikuwa laini, safi, hauna alama yoyote, mkono wa mtu aliyeshika kalamu. Akashushwa. Kando ya barabara walikuwa wamejenga vibanda vya nyasi, na humo waliochanjwa siku hiyo walitakiwa wakae mpaka waonekane hawana ugonjwa. Aliingizwa kibanda kimoja na wafugaji wa Kisangu waliokuwa wakisindikiza ng'ombe. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama na suti mkononi akitafuta mahali pa kuitundika, na ndama mmoja anainusa.

Akapaza sauti: "Tata! Shukeni! Tutarudi Mbeya wote!"

Mzee akachungulia nje. Alimtazama mwanawe muda mrefu kidogo. Halafu akasema kwa sauti ambayo basi zima lilisikia: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako sisi tunaendelea. Harusi haisubiri mtu ambaye kazi zimembana."

Mimi nilijifunika kanga uso mzima. Wanawake waliokaa karibu nami walidhani nalia.

Iringa tulipokelewa vizuri, lakini wenyeji walipata kazi. Walitukaribisha chumba kimoja, mimi na mzee, wakaona nimetoka mbio. Wakamwekea mzee chakula wakaniambia nimnawishe mikono, nikarudi nyuma mpaka nikagonga mtungi. Shangazi wa bibi harusi, mama mnene aliyependa kujua mambo ya watu, akaniuliza, "Mama, huyu mzee ni mkali kiasi hicho?" Nikamweleza desturi. Akatikisa kichwa. "Ninyi Wanyakyusa mna kazi. Sasa mmefikaje huku?" Nikamwambia tumefika vizuri tu.

Siku ya mazungumzo wazee wa upande wa binti walikaa, shemeji yangu mwalimu amekaa pembeni na tai shingoni, uso umempauka. Alikuwa ametegemea hotuba ya kaka yake. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya dirisha, pamoja na wanawake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Msemaji wenu yuko wapi?" baba wa binti akauliza.

"Yuko karantini," baba mkwe akajibu, "pamoja na ng'ombe wa Usangu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Shemeji akasema haraka, "Ni kutoelewana kidogo tu na mtu wa afya, wazee wangu." Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Hakuna kutoelewana. Mwanangu mkubwa alikataa chanjo, wakamshusha. Na huyu mdogo mnayetaka kumpa binti yenu hakuchanjwa pia. Mimi nilizika mke na watoto kwa ndui. Sitasema neno moja la kumwombea mke mpaka afunue mkono wake hapa na muuone, kisha kesho apelekwe hospitali. Akirudi na alama, nitasema. Asiporudi nayo, nitapanda basi."

Shemeji akasema, "Tata, tafadhali, mbele ya wakwe..." Ndipo baba wa binti, mzee wa Kihehe ambaye mpaka hapo alikuwa na sura ya jiwe, akasema: "Funua, mwalimu."

Akafunua. Shangazi mnene alikuwa pembeni yangu dirishani. "Mkono kama wa mtoto mchanga," akasema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani. "Na ndiye anafundisha watoto wetu usafi!"

Kesho yake akapelekwa hospitali ya Iringa, amesindikizwa na shemeji zake watarajiwa wawili, mmoja kila upande, kama mwizi wa kuku. Aliporudi alikuwa ameushika mkono, anakunja uso, anaomba maji. Mtoto wangu alipochanjwa alilia kidogo akanyamaza alipopewa ziwa. Mwalimu alilalamika mpaka siku ya harusi. Na mzee akasema maneno yake, bila karatasi, bila "waheshimiwa". Aliwaambia anawaomba binti, anawapa shukrani, na kwamba nyumbani kwake maji yanachemshwa. Walimpenda. Mama wa binti alimfungia zawadi ya asali.

Mume wangu alifika sherehe zimekwisha, suti imenuka moshi na samadi. Hatukuongea juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Lakini kibarazani nilisikia anavyolisimulia kwa makarani wenzake: jinsi alivyojitolea kubaki nyuma Usangu kuwasaidia watu wa afya, maana wananchi wale hawakuelewa umuhimu wa chanjo. Makarani walitikisa vichwa. Mmoja alisema ndiyo maana tunahitaji watu wenye elimu.

Mzee aliishi nasi miaka mingine mingi, na hakuna siku aliyolala kwa homa ya kutisha. Alifariki asubuhi moja akiwa ameketi mlangoni kwake juani, kikombe cha uji mkononi, uji haujamwagika. Sikuwahi kumwona uso vizuri mpaka alipolazwa ndani na wanawake wakaniambia sasa naweza kuingia. Alikuwa na kidevu kidogo, kinyume na nilivyofikiri, na nyusi nene nyeupe. Nilikaa nikamwangalia mpaka mtu mwingine alipotaka nafasi.

Mazishini mume wangu alisimama kusema. Alikuwa na suti nyingine. Akaeleza umati kwamba baba yake aliishi muda mrefu kwa sababu ya matunzo, kwamba yeye kama mtoto wa kwanza alihakikisha mzee hakosi hospitali, hakosi chanjo, macho yanapimwa, kifua kinapimwa. Shemeji mwalimu akaitikia, "Kweli kabisa." Wakwe wa kutoka Iringa walikuwapo. Yule shangazi mnene, ambaye alikuwa amezeeka sasa na kutembea kwa gongo, akageuka akanitafuta kwa macho kati ya wanawake. Aliponiona akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha bara, "Acha tu, shangazi. Mzee mwenyewe alikuwa anamjua mwanawe."